Mke Mwenza wa Mbao

Nuru ya Hama haimfikii mtu ikiwa mpya. Hutoka juani asubuhi, hushuka mtoni, na pale mtoni hunyakuliwa na gurudumu. Gurudumu huipandisha juu pamoja na maji, huivunja vipande vipande, huichezea, huivaa, huichoka, ndipo huzitupia nyumba za watu. Dirishani kwa Ghalia ilifika ikiwa imekwisha kutumika. Kama gauni la kuachiwa. Kama gauni la dada mkubwa, linanukia bado jasho lake.

Na Ghalia, mke wa fundi Nasifu, hakuwa mtu wa kuvaa vya kuachiwa.

Gurudumu lile liliitwa Khatuni. Lilikuwa refu kuliko mnara wa msikiti, limevaa visanduku vya kuchotea maji ukingo mzima kama bibi harusi aliyevishwa dhahabu ya kuazima. Mikono yake ilikuwa ya mforosadi. Mhimili wake ulikuwa wa mti wa jozi, mnene kama fahali, umelala ndani ya kiti cha mti huo huo. Mbao juu ya mbao, mbao ndani ya mbao, na hapo ndipo ilipotoka sauti: mmmaaa, mmmaaa, asubuhi na adhuhuri, kiangazi na masika. Mgeni alidhani ni ngamia anazaa. Mwenyeji hakudhani kitu. Alikwisha kuisahau, kama mtu anavyoisahau pua yake mwenyewe ingawa iko mbele ya macho.

Ghalia hakuisahau. Alikanda unga, Khatuni akaguna. Alianika nguo, Khatuni akaguna. Alijipaka wanja, akajifukiza, akaketi mlangoni kumngoja mume, Khatuni akaguna, na mume akageuza shingo. Kwa nani? Kwa Khatuni.

Ewe mbao, umempa nini?

Ghalia alizaliwa Salamiya, nchi ya juu, mahali ambapo maji hutembea chini ya ardhi, katika mashimo waliyochimba mababu, kimya kimya, kama binti aliyelelewa vizuri. Kwao maji yana adabu. Yanafika kisimani, yanasubiri, yanachotwa. Hapa Hama maji yanapanda hewani yakipiga kelele ili watu wote wajue nani ameyapandisha.

Na aliyeyapandisha alikuwa amiri mmoja wa zamani, aliyekufa kabla bibi yake Ghalia hajaota meno. Wazee wa mtoni husema amiri yule alisikia kwamba mwenzake wa mji wa kusini ameongeza mnara kwenye ngome yake. Hakula. Hakulala. Akaona akijenga mnara naye, ataitwa mwigaji. Basi akautazama mto. Mto wenyewe unaitwa Asi, yaani muasi, kwa sababu unakwenda kaskazini wakati maji yenye akili yote ya nchi ile yanakwenda kwingine. Amiri akasema: mawe hata mwehu anaweza kuyapanga. Mimi nitampandisha muasi ngazi. Ndivyo Khatuni alivyozaliwa, kwa wivu wa mtu mmoja juu ya mnara wa mtu mwingine. Ghalia alipokisikia kisa hicho, hakushangaa hata kidogo. Kila tao la mfereji ule lilikuwa na sura ya mtu aliyenuna.

Maji yalipotoka kwa Khatuni yalipita juu ya matao hadi ngomeni, kwenye kilima. Kwanza yalijaza handaki linaloizunguka ngome. Kisha hamamu ya amiri. Kisha bustani ya amiri, komamanga zake na tausi wake. Kisha msikiti. Mwisho, yakiwa yamechoka, yameogelewa, yametazamwa na tausi, yakaingia mitaani na kuufikia mtungi wa Ghalia.

Nuru ya kuachiwa. Maji ya kuachiwa. Na mume wa kuachiwa.

Maana Nasifu alikuwa fundi wa Khatuni. Kabla ya kuwa mume alikuwa fundi, na siku alipopewa ufundi ule alipelekwa lango la ngome, akaweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kizingiti, na jemadari wa mnara akaugusa kwa ncha ya upanga pale penye kifundo. Nasifu akasema kama wanavyosema mafundi wote: "Mkono huu ni wa Khatuni." Kwa sababu walinzi wa ngome hawaangalii tu, wanasikiliza. Khatuni akiguna, mto upo, handaki limejaa, lango liko wazi, watu wauze vitunguu vyao kwa amani. Khatuni akinyamaza bila mpiga mbiu kutangaza, maana yake adui ameukata mto huko juu. Lango linafungwa. Ngoma zinapigwa. Na ikionekana hakuna adui, basi fundi kazembea, na mkono unakatwa, unarudi kwa mwenyewe, Khatuni.

Mkono huo huo ndio uliomvisha Ghalia pete. Fikiria.

Kila alfajiri Nasifu alipanda ngazi za mawe hadi kwenye mhimili, akafumba macho, akaliegemeza paji la uso wake juu ya ule mti. Akakaa hivyo. Muda mrefu. Ghalia alimwona kutoka dirishani, na kila alfajiri alijiapiza hatatazama, na kila alfajiri alitazama. Miaka saba ya ndoa, Nasifu hajawahi kumwegemea hivyo. Aliporudi nyumbani masikio yake yalikuwa yamejaa. Si kwa kiburi, kwa mguno. Alikuwa amekwisha kuwa nusu kiziwi, Khatuni kayala yale masikio kidogo kidogo, kama panya anavyokula jibini. Ghalia akizungumza, yeye anatabasamu. Akimuuliza kuhusu chakula, anatabasamu. Mwezi wa jana Ghalia alimwambia mbuzi amekufa, akatabasamu, akasema Mungu azidishe.

Mtaani wote walijua. Bi Shuhuda, mkandaji wa hamamu ya wanawake, ndiye aliyeanza kumwita Khatuni mke mwenza.

"Shoga, hujambo na mwenzio? Leo kaamka na sauti nzito, sijui kagombana na bwana."

"Muulize mwenyewe," Ghalia alisema. "Anayelala naye si mimi."

"Lakini una bahati. Wake wenza wetu sisi wanakula. Wako hata tonge hagusi."

"Hagusi tonge. Mume anammeza mzima."

Wanawake wakacheka hadi mvuke ukatawanyika. Ghalia naye akacheka. Akatoka nje, akaufunga mtandio, na njia nzima kicheko kile kikamkwaruza kooni kama mwiba wa samaki.

Khatuni akaguna.

Vuli ikaja, na wiki ya matengenezo. Mpiga mbiu akazunguka: Khatuni amelala siku saba, watu wasihofu. Mlango wa maji ukafungwa, gurudumu likasimama, na Ghalia akafua shuka. Siku saba za kimya. Siku saba, alijiambia, mume wangu ni wangu.

Loo. Siku saba Nasifu aliishi ndani ya gurudumu kama njiwa ndani ya dari. Alibadilisha mbao, akapiga misumari ya mti, akarudi jioni ananuka utomvu wa mforosadi, akalala kabla mkate haujakatwa. Akizima mshumaa alikuwa anatabasamu. Afadhali angenuka marashi ya mwanamke. Mwanamke unaweza kumfuata kisimani mkavutana nywele. Mbao utaivuta nini?

Siku ya saba, kama ilivyo desturi, wanawake walipeleka chakula mtoni. Adhuhuri mafundi wakaenda msikitini, wanawake wakarudi majumbani, na Ghalia akabaki kukusanya sahani. Naam, sahani. Mkononi alikuwa na mtungi mdogo wa mafuta ya mkia wa kondoo, yale anayohifadhia nyama ya baridi, aliyoyatia giligilani, bizari nyembamba, na pilipili manga nyingi kuliko mtu yeyote Hama.

Akapanda ngazi za mawe. Kwa mara ya kwanza walionana uso kwa uso.

Khatuni, bibi mkubwa, mke wa maamiri na mafundi. Mimi sina mikono mingi kama yako. Sina matao. Hakuna anayefunga lango la mji nikinyamaza. Nimenyamaza mara ngapi, na nani alipiga ngoma? Sikutaki mabaya. Nakuomba mchana mmoja. Mlo mmoja tu, wewe ufunge mdomo, mimi nifungue wangu.

Akayasokomeza mafuta katikati ya mhimili na kiti chake, hadi kiwiko, hadi mtungi ukawa mtupu.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Mpiga mbiu hutangaza kwamba Khatuni ameamka pale anapomsikia akiguna. Asipoguna, hakuna mbiu. Bila mbiu, mji utadhani bado amelala, na walinzi watawaacha watu na vitunguu vyao. Kesho mafuta yatakuwa yamesagika, naye ataguna kama kawaida. Nani atajua?

Lakini vuli, jamani. Mafuta ya mkia katika baridi ya vuli huganda yakawa kama nta. Mwanamke aliyepika miaka yote ile, aliyejua kila tabia ya mafuta yake jikoni, aliyasahau yote alipofika mtoni, kwa sababu wivu hauna jiko.

Mlango wa maji ukafunguliwa. Khatuni akatikisika, akajivuta, akaguna. Mmmaaa. Sauti ile ile, kifua kile kile. Ghalia akasimama darini akiuma kidole. Mpiga mbiu akapita chini yake, anatangaza kwa furaha: Khatuni ameamka, Khatuni ameamka.

Nasifu akarudi kula. Wakaketi: ngano iliyopondwa, dengu, nyama. Na huko mtoni mhimili ukaendelea kujisaga, ukapata joto, na joto likayapata mafuta, yakayeyuka.

Mguno ukapungua. Ukawa mwembamba, kama mtu anayesinzia katikati ya maneno. Ukawa pumzi. Ukaisha.

Ghalia akakisikia kimya. Akasikia kuku akikwaruza uani. Akasikia bangili yake mwenyewe. Akasikia Nasifu akitafuna, kitu ambacho hajapata kukisikia tangu aolewe, na moyo wake ukajaa, ni sauti mbaya, lakini ilikuwa yake peke yake. Miaka saba ya maneno ikapanda kooni. Akaita taratibu.

"Nasifu."

Nasifu hakuinua macho.

"Nasifu, mimi nataka..."

Nasifu akaacha kutafuna. Akaweka kiganja sakafuni. Mkate ukamwanguka.

"Amenyamaza," akasema, akatoka mbio bila viatu.

Ghalia akabaki na mdomo wazi. Huyu ambaye haisikii sauti ya mkewe, amekisikia kimya cha gurudumu. Kwa kiganja. Kwa nyayo. Wivu uliopita wote ulikuwa ni mazoezi tu. Huu sasa ndio wenyewe, ulisimama kifuani mwake kama lango la chuma.

Kisha ngoma zikaanza.

Lango likafungwa kwa kishindo. Wapiga mishale wakajaa juu ya kuta. Mwokaji akaikimbia mikate yake ikiwa motoni. Bi Shuhuda akatoka hamamuni na udongo wa kuoshea nywele kichwani, na nyuma yake wanawake kumi na kitu waliojifunika chochote walichokiona kwanza. Mji mzima ukashuka mtoni, na pale mtoni ukaona jambo lililowatisha kuliko adui: Khatuni anazunguka. Visanduku vinachota, maji yanamwagika, na hakuna sauti. Kama marehemu aliyeamua kwenda sokoni.

Wapanda farasi wakaufuata mto kwenda juu, wakarudi. Hakuna adui. Mto uko salama. Basi jemadari wa mnara, Karabuga, mtu mpana asiyezungumza ila kwa sababu, akashuka na upanga wake na kumwita fundi.

Nasifu alikuwa tayari juu, kwenye mhimili. Akaingiza kidole, akakitoa kinang'aa. Akanusa. Akalamba.

Giligilani. Bizari nyembamba. Pilipili manga, nyingi kuliko mtu yeyote Hama.

Akageuka akatazama chini, katika watu wote wale, akampata Ghalia mara moja. Ghalia akamwona akijua. Watu wengine huishi na mtu hadi uzee wasitazamwe vile hata mara moja.

"Ni mimi, bwana jemadari," Nasifu akasema. "Mbao mpya zilikuwa zinalia vibaya, nikapaka mafuta kidogo. Nimekosa."

Akaunyoosha mkono wa kulia. Hivi hivi, kama anayeomba apewe chumvi.

"Muongo," sauti ikatoka.

Hakuna kilichoifunika. Gurudumu kimya, watu kimya, ngoma kimya. Sauti ya Ghalia ikaujaza mto ukingo hadi ukingo, ikapanda kilimani, ikagonga kuta za ngome ikarudi, na hata kiziwi akaisikia.

"Muongo huyu, bwana. Hajui hata mafuta yanakaa mtungi gani. Ni mimi."

Karabuga akamtazama. Alikwisha kukamata wapelelezi, wasaliti na wezi wa farasi, lakini huyu alikuwa na unga kwenye nyusi. Akamuuliza nani kamtuma. Ghalia akasema hakuna. Akamuuliza sababu.

"Wivu."

"Wa nani?"

Ghalia akanyoosha kidole. Macho yote yakakifuata hadi kwenye gurudumu linalozunguka bila neno, na Bi Shuhuda, na udongo wake kichwani, akashindwa. Akacheka. Kicheko kikaruka ukingo huu hadi ule, wapiga mishale wakajificha nyuma ya kuta ili jemadari asiwaone.

Karabuga hakucheka. Alitazama matao yaliyonuna, yaliyopanga foleni kutoka mtoni hadi kilimani, akatazama ngome. Labda alikikumbuka kile kisa cha amiri na mnara wa mwenzake. Akaurudisha upanga nusu, akaacha nusu nje.

"Hadi adhana ya magharibi," akasema. "Akiguna, mkono ni wenu. Asipoguna, ni wangu."

Nasifu akaanza kuhesabu kwa sauti ile kubwa ya viziwi: kulifungua gurudumu siku moja, kuuchomoa mhimili siku ya pili. Mafundi wakatikisa vichwa. Jua lilikuwa limekwisha kuinama.

Ghalia akamvuta kanzu. Mbao anajua yeye, sawa. Lakini mafuta, nani anayajua? Nani ameyasugua kwenye masufuria maisha yake yote? Akamgeukia Bi Shuhuda, akamuuliza tanuri la hamamu lina majivu kiasi gani. Bi Shuhuda akajibu kwamba kwa mke mwenza kama yule, yatatosha na kubaki.

Mlango wa maji ukafungwa. Wanawake wa Hama, wengine nywele zinachuruzika bado, wakapanga mstari kutoka hamamuni hadi mtoni, wakapitishana makapu ya majivu, ndoo za maji ya moto, mchanga, madodoki. Juu kwenye mhimili Ghalia na Nasifu wakalala kifudifudi, bega kwa bega, mikono ndani ya kiti cha mbao, wakasugua. Wakasugua kama sufuria la harusi. Majivu yakawaingia machoni. Nasifu alipokosea, Ghalia alimpiga kiwiko. Alipopatia, alimpiga pia.

Jua likagusa ukingo wa ngome. Maji yakafunguliwa.

Khatuni akazunguka mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Mwadhini alionekana juu ya mnara, anakohoa, anasafisha koo. Nasifu akaufunika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Mara ya tatu kikatoka kitu kidogo, kama mwanambuzi aliyepoteza mama. Kisha kikakua. Kikapata kifua.

Mmmaaa.

Adhana na mguno vikapanda pamoja, na lango la ngome likafunguka.

Ghalia alikuwa amechoka hata shingo haimbebi. Kichwa kikamwangukia, paji la uso likatua juu ya mhimili, na sauti ikamwingia. Si masikioni. Mfupani. Ikapita kwenye fuvu, kwenye meno, kwenye kifua, ikaketi ndani yake kama mgeni anayeijua nyumba. Kumbe ndivyo. Kumbe miaka yote ile mwenzake hakuwa anapiga kelele hata kidogo. Alikuwa anajua tu mahali pa kusemea.

Akamshika Nasifu ndevu. Akamvuta, akabandika paji lake juu ya paji la mumewe, mfupa kwa mfupa, majivu kwa majivu. Miaka saba ya maneno ilikuwa tele, akachagua la kuanzia, na hakupaza sauti.

"Chakula kimepoa."

Nasifu akafumba macho. Uso wake ukawa ule wa alfajiri.

"Na mbuzi alikufa mwezi wa jana."

"Yule mweusi?" Nasifu akafumbua macho. "Jamani, Ghalia. Mbona hukuniambia?"

Huko chini Karabuga alikuwa anatoa hukumu yake, maana ngome haiwezi kuondoka bila hukumu: kila kondoo atakayechinjwa nyumbani kwa fundi, mkia wake upelekwe jikoni ngomeni, milele. Watu wakacheka, wakatawanyika, mwokaji akaenda kuzika mikate yake. Kesho yake Bi Shuhuda angeuliza mke mwenza kaamkaje, na Ghalia angejibu kwamba sasa wana zamu: alfajiri ya mbao, jioni ya nyama. Na bado, akisikia mguno, angepepesa jicho. Mtu haponi siku moja.

Lakini jioni ile hawakushuka mara moja. Nuru ya mwisho ya jua lililozama ilikuja chini chini kutoka magharibi, ikapita juu ya mto bila kuugusa, na pale juu kwenye ngazi Ghalia ndiye aliyekuwa wa kwanza njiani. Nuru ikamfikia kabla ya kufika mtoni, kabla ya visanduku, kabla ya kuvunjwa. Nzima. Mpya. Haijavaliwa na mtu. Akainyooshea mikono yake miwili ya majivu na mafuta, akaivaa yote, hadi mabegani, asimwachie mtu kipande.

Nyuma yake Khatuni akaguna, na safari hii, wallahi, ule ulikuwa wivu.